Kimbunga kikitangazwa: Unguja na Pemba tujihadhari na nini hasa?

Karibu kila mwaka, kati ya Disemba na Mei, makundi ya WhatsApp hujaa ujumbe wa sauti: kimbunga kinapiga Pemba usiku wa leo, walioko pwani wahame. Mara nyingi habari yenyewe ni ya kweli, ila Pemba inayotajwa siyo kisiwa chetu hiki chenye miji ya Wete na Chake. Upo mji mwengine wa Pemba kaskazini mwa Msumbiji, katika mkoa wa Cabo Delgado. Kimbunga Kenneth kilitua kaskazini ya mji huo Aprili 25, 2019, na Chido kikapita jirani yake Disemba 15, 2024, siku moja baada ya kuivuruga Mayotte. Kutoka mji huo hadi kisiwa chetu ni zaidi ya kilomita 800. Kwa hiyo kabla hujamsambazia mwenzio, uliza kwanza: Pemba ipi?

Likishajibiwa hilo, hubaki mabishano ya barazani. Mmoja atasema sisi tuko karibu na ikweta, vimbunga havitufiki. Mwengine atakumbusha kimbunga Hidaya cha Mei 2024. Wa tatu atasema watu wa hali ya hewa kazi yao kututia hofu tu. Kila mmoja ana kipande cha ukweli mkononi.

Tuanze na majina ya vitu. Katika Bahari ya Hindi upande wa kusini-magharibi, ambako ndiko tuliko, mfumo wa hewa inayozunguka hupimwa kwa kasi ya upepo unaovuma mfululizo karibu na kitovu chake, si kwa wingi wa mvua. Upepo ukifika kilomita 63 kwa saa, mfumo huo huhesabiwa kuwa dhoruba ya kitropiki na hupewa jina. Ukifika kilomita 118 kwa saa ndipo unapokuwa kimbunga kamili, na kuanzia 166 ni kimbunga kikali. Majina hutoka kwenye orodha iliyopangwa mapema na kufuata alfabeti kila msimu: Hidaya lilikuwa jina la nane la msimu wa 2023/24, na lililofuata, Ialy, likawa la tisa. Kupewa jina hakumaanishi kwamba mfumo huo ni mkali, wala kwamba unakuja kwetu.

Chamchela inayonyanyua vumbi na mifuko ya plastiki kiwanjani si kimbunga. Huishi dakika chache na upana wake ni wa mita. Kimbunga huishi siku kadhaa na huweza kufunika eneo la kilomita mamia. Tsunami nayo ni jambo jengine kabisa: mara nyingi hutokana na tetemeko chini ya bahari, haihitaji upepo wala mvua, na hakuna awezaye kuitabiri siku tatu kabla. Ukisikia mtu anatangaza kwamba kimbunga "kitaleta tsunami Ijumaa", mpuuze.

Kisha kuna kusi, upepo wa kusini wa katikati ya mwaka. Tangazo la kawaida la Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) wakati wa kusi husema upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Hicho si kimbunga wala dhoruba, na bado kinatosha kuzamisha chombo. Boti ya abiria MV Skagit ilizama karibu na Chumbe Julai 18, 2012, katikati ya msimu wa kusi, na wakati huo hapakuwa na kimbunga chochote. Nahodha anayesema "si wamesema kimbunga hakuna" hajajibu swali la iwapo bahari inapitika.

Tofauti ya kasi isikupite hivi hivi. Msukumo wa upepo ukutani au kwenye bati hauongezeki sawasawa na kasi yake. Kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo huongezeka mara nne. Ikiongezeka mara tatu, huwa mara tisa. Paa lililostahimili kusi ya kilomita 40 kwa miaka 20 halijathibitisha lolote mbele ya upepo wa 120.

Ikweta inatukinga, lakini si ukuta

Kimbunga hula joto la bahari. Juu ya maji yenye nyuzi joto 26 na nusu au zaidi, mvuke hupanda kwa wingi, hupoa huko juu na kuwa mawingu ya mvua, na joto linalotoka hapo huzidi kuivuta hewa ya chini ipande. Ni kama maziwa jikoni: moto ukiwa mkali huumuka, ukiyaepua hushuka. Ndiyo maana kimbunga kikigusa nchi kavu hunywea ndani ya saa chache, kwa kuwa maji ya moto yameondoka chini yake.

Lakini joto peke yake halitoshi, kwani bahari yetu ina joto hilo miezi mingi ya mwaka. Hewa inayokimbilia kitovuni lazima izungushwe, na kinachoizungusha ni mzunguko wa dunia yenyewe. Nguvu hiyo ni sifuri kwenye ikweta na huongezeka kadiri unavyoelekea kusini au kaskazini. Ndani ya nyuzi 5 kutoka ikweta ni dhaifu mno, na vimbunga karibu havizaliwi huko. Pemba iko takriban kwenye nyuzi 5 kusini, Mji wa Zanzibar nyuzi 6, Mafia karibu na 8. Yaani tumekaa ukingoni mwa eneo salama. Hatumo ndani yake.

Ukingo huo umewahi kuvukwa. Aprili 15, 1872, wakati wa Sultani Barghash bin Said, kimbunga kiliipiga Unguja moja kwa moja. Kilizamisha merikebu za Sultani zilizokuwa bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa. Pemba iliepuka kwa kiasi kikubwa, na ndipo ilipoanza kuipita Unguja kwa karafuu mpaka leo. Aprili 1952 kimbunga kilitua Lindi. Aprili 2021, Jobo kilielekea pwani ya Dar es Salaam, kikanywea kabla ya kufika. Mei 2024 ikaja Hidaya.

Iangalie hiyo miezi. Msimu wa vimbunga wa bahari hii huhesabiwa kuanzia Novemba hadi mwisho wa Aprili, lakini vinavyosogea huku kwetu kaskazini hupenda mwishoni kabisa: Aprili, hata Mei, wakati wa maleleji, yaani upepo wa kaskazi umekwisha na kusi haijashika. Huo ndio wakati wa masika. Ardhi imeshashiba maji, vyoo vya shimo vimejaa nusu, mitaro ya mjini ina taka za mwezi mzima. Kwa hiyo hata kimbunga kinachopita mbali hukuta mlango uko wazi.

Upande gani wa kitovu?

Jambo hili huelezwa kwa nadra, na kwa mwenye chombo ndilo lenye faida kubwa. Kusini mwa ikweta, upepo wa kimbunga huzunguka kama mishale ya saa. Chora duara kwenye mchanga, weka Unguja upande wa magharibi wa duara: upepo utakaokupata unatoka kusini. Sasa lisogeze duara mpaka liwe kusini ya Unguja, kama ilivyokuwa Hidaya ilipopita Mafia Mei 4, 2024. Upepo unatokea magharibi, upande wa bara.

Maana yake ni hii. Kimbunga kinachotoka mashariki kikikaribia, mwanzo upepo huonekana kama kusi ya kawaida iliyokaza. Watu huvikimbiza vyombo upande wa magharibi wa kisiwa, kwenye vituo ambako kusi haipigi: Mkokotoni, Malindi, Mkoani, Wete. Kisha kitovu kikishuka kusini, upepo hugeuka na kupiga moja kwa moja kule kule kulikokimbiliwa. Kikosa kutua kwetu kwa kilomita 150, bado ngalawa zinaweza kuvunjikia ufukweni mahali ambapo hakuna aliyewahi kuziona zikivunjika.

Jengine: kwa kimbunga kinachokwenda magharibi huku kusini mwa ikweta, upande wenye upepo mkali zaidi ni wa kusini wa kitovu, kwa sababu huko kasi ya kuzunguka na mwendo wa mfumo wenyewe huelekea njia moja. Unguja ilikuwa kaskazini ya Hidaya, upande mwepesi, takriban kilomita 180 kutoka Mafia. Hiyo ni sehemu kubwa ya sababu kwa nini Kilwa na Mafia waliumia na barabara ya kwenda Lindi ikakatika, ilhali sisi tulilalamikia zaidi safari za boti zilizosimamishwa. Tusijisifie dua za nani zilikuwa na nguvu zaidi. Kilichotuokoa ni mahali kitovu kilipopita.

Bahari, bamvua na maji mafu

Ndani ya kimbunga hewa huwa nyepesi, na bahari chini yake hunyanyuka: kila milibari moja (kizio cha mgandamizo wa hewa) inayopungua kwenye kipimo cha hewa, maji hupanda kama sentimita moja. Juu ya hapo upepo huyasukuma maji kuelekea pwani. Kinachoamua kama yataingia nyumbani ni kalenda ya mwezi. Kwetu, tofauti ya kupwa na kujaa wakati wa bamvua, siku za mwezi mpya na mwezi mpevu, hufika karibu mita 4, na wakati wa maji mafu, siku za nusu mwezi, huwa ndogo sana. Nusu mita ya nyongeza juu ya maji mafu haionekani. Nusu mita hiyo hiyo juu ya bamvua linapojaa huvuka kingo na kuingia visima vya pwani.

Hidaya ilifika siku chache tu baada ya maji mafu, mwezi mpya ukiwa umebakisha siku 4. Ingechelewa siku hizo, hadithi za pwani zingekuwa nyengine. Kwa hiyo kimbunga kikitajwa, mvuvi na mkulima wa mwani wajiulize: leo mwezi mwandamo ngapi, na maji yanajaa saa ngapi? Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani wana shida ya ziada, kwani mashamba yao hufikika vizuri maji yanapokupwa kwa bamvua. Kamba zenye mwani uliokaribia kukomaa ni afadhali zivunwe kwenye kupwa la mwisho kabla ya upepo kukaza, hata kama uzito haujatimia. Mwani mzito huvutwa zaidi na mkondo, na kamba ikikatika huondoka na vigingi.

Kuisoma tahadhari

TMA hutumia ngazi tatu, na rangi zake: angalizo ni njano, tahadhari ni rangi ya chungwa, tahadhari kubwa ni nyekundu. Watu husoma rangi wakaishia hapo. Ndani ya tangazo kuna mambo mengine ya kutafuta: maeneo yaliyotajwa (Unguja na Pemba hutajwa kwa majina, "pwani ya kusini" kwa kawaida ni Lindi na Mtwara), siku na saa ambazo tangazo linahusu, kisha upepo, mawimbi na mvua, kila kimoja peke yake. Inawezekana upepo usiwe wa kutisha na mvua ikawa ndiyo hatari. TMA huhesabu mvua kubwa kuwa ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Milimita 50 zinasikika kidogo, lakini juu ya paa la mita za mraba 40 ni lita 2,000, dumu 100 za lita 20, kutoka nyumba moja. Zidisha kwa nyumba za mitaa ya mjini kama Jang'ombe au Sebleni, zote zikimwaga kwenye mtaro mmoja.

Ramani za njia ya kimbunga huonesha mstari na eneo linalotanuka mbele yake. Eneo hilo linasema kitovu kinaweza kupita wapi, halisemi upepo na mvua vitaishia wapi. Kuwa nje yake si kuwa nje ya hatari. Tangazo la saa sita mchana nalo halifai kutumiwa usiku. Mfumo unaweza kugeuka au kunywea ndani ya saa 12. Ujumbe uliosambazwa bila tarehe hauna kazi.

Na Jobo? Wapo waliosema tulitishwa bure. Tangazo lilitolewa kwa mfumo uliokuwepo kweli na uliokuwa ukielekea pwani yetu. Ukanywea ukiwa karibu. Ukingoja uhakika kamili, utaupata upepo ukiwa umeshafika, na saa hiyo bati halipigiliwi. Isitoshe, kimbunga cha mbali nacho huathiri mvua zetu kwa njia nyengine: kikikaa Mkondo wa Msumbiji huweza kuvuta unyevu kuelekea kwake, tukapata siku kavu katikati ya masika. Jua kali wakati wa kimbunga si dalili kwamba habari ilikuwa ya uongo.

Paa

Upepo hausukumi paa chini, hulinyanyua. Hupita juu yake kwa kasi na kulivuta, na wakati huo huo huingia chini ya upenu na kulisukuma kutoka ndani. Ndiyo maana paa huanza kung'oka pembeni na kwenye kofia (kilele chake), nadra sana katikati. Na kinachoachia mara nyingi si bati. Ni papi (mbao nyembamba inayopigiliwa bati) inayochomoka kwenye kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) ikiwa na mabati yake yote, kwa sababu ilipigiliwa msumari mmoja ulionyooka, au kenchi inayonyanyuka juu ya ukuta kwa kuwa imelazwa tu.

Anayejenga sasa aache vipande vya nondo ya milimita 8 vikitokeza kwenye lenta, mkanda wa zege juu ya ukuta, kabla zege halijakauka, avikunje juu ya kenchi. Waya mwembamba wa kufungia nondo, msokoto mmoja, si kazi. Papi zikaribiane zaidi kwenye upenu na kwenye kofia kuliko katikati, na misumari ya bati ipigwe kwenye mgongo wa bati, kila mgongo wa pili pembeni, wa tatu katikati. Paa la baraza litenganishwe na paa la nyumba. Likichukuliwa, liende peke yake.

Kwa nyumba ambayo tayari imeshaezekwa na kimbunga kiko siku mbili mbele, kinachowezekana ni kukagua misumari iliyolegea, kuongeza pembeni, na kufunga papi kwenye kenchi kwa waya mnene uliozungushwa mara kadhaa. Mawe na matairi juu ya bati yaondoshwe. Huzuia mlio wa bati wakati wa kusi, lakini katika upepo wa kimbunga hushuka juu ya mtu. Makuti yataruka, hilo halizuiliki, ila kuti likikupiga si sawa na bati. Mnazi ulioinama juu ya nyumba uangushiwe nazi na makuti makavu mapema.

Maji, umeme, vyombo

Umeme wa visiwa hivi unatoka bara kwa nyaya zilizopita chini ya bahari. Unguja ilikaa gizani takriban miezi 3, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kwa hitilafu isiyohusiana na kimbunga chochote. Umeme ukikatika, pampu za maji husimama pia. Kwa hiyo jaza maji kabla: kwa kunywa na kupikia hesabu lita 5 kwa mtu kwa siku, familia ya watu 6 kwa siku 3 ni lita 90, dumu 5. Nunua umeme wa TUKUZA (wa kulipia kabla) na vocha mapema, chaji simu zote, na uwe na redio ya betri.

Maji yakianza kuelekea mlangoni, zima meni swichi mikono ikiwa mikavu. Yakishaingia sebuleni usiiguse. Jenereta isiwashwe ndani wala ukumbini, na jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwa ajili ya mvua. Moshi wake usioonekana huua watu waliolala.

Ngalawa na mitumbwi vipandishwe juu ya mstari wa bamvua, si juu ya mstari wa maji ya jana. Toa tanga na mashine, kisha funga. Boti kubwa inayobaki majini inahitaji amari (kamba ya nanga) ndefu: iwe angalau mara 5 ya kina cha maji yakijaa. Pahala penye mita 3 maji yakikupwa patakuwa na mita 7 bamvua likijaa, hivyo amari ni mita 35. Iliyofungwa mita 15 itang'oa nanga yake yenyewe. Walioko dago, kambi za wavuvi, ndio wa kupigiwa simu mwanzo, maana wao hulala ufukweni na mara nyingi mtandao haushiki.

Upepo ukitulia ghafla katikati ya kishindo, usitoke kupandisha bati. Huenda ni jicho la kimbunga linapita. Utulivu wake unaweza kuwa dakika chache au karibu saa nzima, kisha upepo hurudi ukitokea upande wa pili, na mti uliolegezwa na upepo wa kwanza huangushwa na wa pili.

Baada ya hapo hatari huhamia majini. Kisima kilichoingiwa na maji ya mafuriko kihesabiwe kuwa kimeingiwa na choo. Chemsha maji yote ya kunywa, au tumia dawa ya klorini kwa kipimo cha kwenye chupa na usubiri dakika 30. Waya wa umeme ulioanguka usisogelewe chini ya mita 10, hata kama mtaa mzima uko gizani. Mjini, katika nyumba za zamani za mawe na chokaa, ukuta ulionyeshewa huwa mzito mno na boriti zake hulegea mashikoni. Nyumba hizo zinaweza kuanguka siku mbili au tatu baada ya mvua kukatika, jua likiwaka. Nyufa mpya, mlango uliokuwa ukifunguka vizuri sasa unagoma, chokaa inayodondoka usiku: ukiona kimoja kati ya hivyo, toa watu wa chini na wa juu, na usiruhusu watoto wacheze kwenye uchochoro ulio chini ya ukuta huo.